Kasi ya mzigo na uimara wa plastiki zenye nyuzi: mwongozo kamili, kuanzia sampuli hadi namba ya kusanifia

Ukifungua karatasi ya takwimu za bamba la nyuzi za kioo na epoksi, utakuta uimara wa kuvutwa umeandikwa kwa namba moja tu, tuseme megapaskali 1,000. Namba hiyo ilipatikana kwa mashine iliyokuwa ikivuta milimita 2 kwa dakika, na sampuli ikakatika baada ya dakika moja au mbili. Livute bamba lilelile likatike ndani ya sehemu ya elfu moja ya sekunde, namba itapanda. Litundikie mzigo mzito kwa miezi na miezi, linaweza kukatika chini ya nusu ya namba hiyo. Kisha rudia yote hayo kwa nyuzi za kaboni zilizolala upande wa mvutano: namba haitikisiki sana.

Kwangu mimi, uimara usiotajiwa muda wake ni nusu ya kipimo. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine ya kawaida ya kuvuta, au anayeagiza vipimo kutoka maabara yenye mashine kubwa zaidi, anayetaka kujua kasi inabadilisha nini kwenye nyenzo yake na afanye nini na jibu.

Tuweke maneno sawa kwanza. Resini ni plastiki inayozishika nyuzi pamoja, na epoksi ni aina mojawapo ya resini. Mkazo ni nguvu ikigawanywa kwa upana mara unene wa sampuli. Mnyumbuko ni kiasi ambacho sampuli imerefuka, kikigawanywa kwa urefu wake wa awali, hauna kizio. Kasi ya mnyumbuko ni mnyumbuko kwa kila sekunde. Mkazo wa kuteleza ni ule unaolazimisha tabaka moja liteleze juu ya jingine.

Hatua ya 1: Jua nani anabeba mzigo

Kabla ya kugusa mashine, jiulize mzigo wako unabebwa na nini ndani ya bamba: nyuzi, resini, au mpaka kati yake. Ukijibu hilo vizuri, zaidi ya nusu ya matokeo utayatabiri kabla ya kukata sampuli ya kwanza.

Nyuzi za kioo ndizo zinazoitikia kasi kuliko zote. Uso wa kila uzi una vijidosari vidogo mno. Unyevu ukifika kwenye ncha ya kijidosari kilicho chini ya mkazo, maji hushambulia vifungo vya silikoni na oksijeni, na ufa husogea. Shambulio hilo linahitaji muda. Ukivuta haraka, ufa haupati nafasi ya kukua, hivyo uzi unabeba zaidi kabla ya kukatika.

Hesabu yake si ngumu. Kuna kipeo kinachoitwa n, ambacho kwa kioo katika hewa yenye unyevu huchukuliwa kuwa 20 hivi. Kasi ikizidishwa mara 10, uimara huzidishwa kwa 10 yenye kipeo cha 1/(n+1), yaani 1/21, na jibu ni 1.116. Hiyo ni kama asilimia 12 kwa kila hatua ya mara kumi. Hatua sita za namna hiyo zinakaribia kuzidisha uimara mara mbili. Sasa igeuze hesabu upande wa pili: muda ambao uzi unadumu chini ya mkazo ulioshikiliwa hubadilika kinyume na mkazo wenye kipeo cha n. Uzi unaodumu dakika 1 chini ya mkazo fulani, ukipunguziwa mkazo huo kwa nusu, utadumu dakika 2 yenye kipeo cha 20, yaani dakika milioni moja na ushei, karibu miaka miwili. Miaka miwili ni mingi kwa jaribio la maabara, lakini kwa tangi au nguzo inayotarajiwa kusimama miaka hamsini si kitu.

Kaboni haishambuliwi na maji kwa namna hiyo, na uzi wake hubaki mnyumbufu karibu mpaka unapokatika. Harding na Welsh wa Oxford walichapisha mwaka 1983 majaribio ya kuvuta yaliyoanzia kasi za mashine ya kawaida hadi kasi za mgongano: bamba la kaboni la mwelekeo mmoja halikuonyesha badiliko la maana, huku la kioo lililofumwa likipanda waziwazi. Aramidi (nyuzi kama Kevlar) iko katikati, kwa kuwa uzi wenyewe ni polima na hurefuka polepole chini ya mzigo wa kudumu.

Resini ina tabia ya lami: ikibanwa taratibu hutiririka, ikigongwa huvunjika vipandevipande. Molekuli zake ndefu zinahitaji muda ili zipishane, na ukizinyima muda huo zinadai mkazo mkubwa zaidi. Mkemia Henry Eyring aliliweka wazo hili katika hesabu mwaka 1936, na matokeo yake bado yanatumika: mkazo unaoanzisha utiririkaji hupanda kwa mstari ulionyooka dhidi ya logi ya kasi. Kwa hiyo popote resini inapotawala, tegemea athari ya kasi hata kama nyuzi ni za kaboni. Hapo ni pale unapovuta bamba kuvuka nyuzi, unapovuta bamba lenye nyuzi za mlalo wa digrii 45 kila upande, na tabaka zinapoteleza moja juu ya nyingine.

Kuna pahala pa nne ambapo wengi hushangaa: kugandamiza kwa kufuata nyuzi. Mtu hudhani nyuzi ndizo zinazobeba, kwa hiyo kaboni isijali kasi. Lakini bamba linalogandamizwa halishindwi kwa nyuzi kupondeka. Nyuzi hazijanyooka kikamilifu, zina mpindo mdogo, na mgandamizo unapozidi resini inashindwa kuzishikilia, zinajikunja pamoja na kukatika. Kanuni ya mtafiti Budiansky inasema uimara huo ni mkazo wa kuteleza wa resini ukigawanywa kwa jumla ya pembe ya mpindo na mnyumbuko wa kuteleza. Chukua mfano: mkazo wa kuteleza megapaskali 50, ugumu wa kuteleza (mkazo wa kuteleza ukigawanywa kwa mnyumbuko wake) megapaskali 5,000, mpindo wa digrii 2 (yaani radiani 0.035). Mnyumbuko wa kuteleza ni 50/5,000 = 0.01, na uimara ni 50/0.045, karibu megapaskali 1,110. Kasi ikipandisha mkazo wa kuteleza hadi 65, mnyumbuko unakuwa 0.013 na uimara 65/0.048, karibu 1,350. Asilimia 22 zaidi, na hakuna uzi hata mmoja uliobadilika.

Hatua ya 2: Geuza kasi ya mashine iwe kasi ya mnyumbuko

Milimita kwa dakika ni lugha ya mashine, haimwambii mtu mwingine chochote mpaka ajue urefu wa sampuli yako. Gawanya kwa 60 kupata milimita kwa sekunde, kisha gawanya kwa urefu huru kati ya vibano. Milimita 2 kwa dakika kwenye urefu huru wa milimita 150 ni 2/60/150 = 0.00022 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi iliyo nyuma ya karatasi nyingi za takwimu, kwa sababu ASTM D3039, kiwango cha Marekani cha kuvuta plastiki zenye nyuzi, kinapendekeza milimita 2 kwa dakika na kinataka sampuli ikatike kati ya dakika 1 na 10.

Ukiwa na kasi hiyo kama kituo, ramani nzima ni hii:

- Chini ya 0.00001 kwa sekunde: mizigo ya kudumu na urefukaji wa polepole.
- Kuanzia 0.00001 hadi 0.1: mashine za skrubu za kawaida.
- Kuanzia 1 hadi 100 hivi: mashine za haidroliki zenye kasi kubwa na minara ya kuangushia uzito.
- Kuanzia 100 hadi maelfu kadhaa: fimbo za Hopkinson (tutazieleza hatua ya 5).

Kasi uliyokokotoa namna hii ni ya makadirio. Fremu ya mashine nayo hunyumbuka, vibano huteleza kidogo, na vibandiko vya ncha (vipande vinavyobandikwa pale kibano kinaposhika) navyo hunyumbuka kwa kuteleza, kwa hiyo sampuli yenyewe huona kasi ndogo kuliko hiyo. Bandika geji ya mnyumbuko au funga ekstensomita (kifaa cha kupima urefukaji wa sampuli), chora mnyumbuko dhidi ya muda, na usome mwinamo wa mstari kwenye nusu ya pili ya jaribio. Hiyo ndiyo kasi ya kuandika kwenye ripoti.

Hatua ya 3: Sampuli

Hapa sina mengi. Tumia vipimo vya kiwango unachokifuata: kwa D3039, bamba la mwelekeo mmoja linalovutwa kufuata nyuzi lina upana wa milimita 15, unene wa 1 na urefu wa 250, bamba lenye tabaka zilizosawazishwa lina upana wa 25 na unene wa 2.5. Kata sampuli zote za kasi zote kutoka bamba moja, kisha zichanganye kabla ya kuzigawa, ili upande wa bamba uliokuwa na resini nyingi usije ukajigeuza kuwa “athari ya kasi”.

Jambo moja lisirukwe: unyevu. Ziache sampuli zitulie kwenye sentigredi 23 na unyevunyevu wa asilimia 50 kabla ya kupima, na pimia kwenye hali hiyohiyo. Maji hulainisha resini na kushusha joto inapoanza kulegea, na kadiri unavyolikaribia joto hilo ndivyo kasi inavyokuwa na sauti kubwa zaidi. Kwa kioo maji ni sehemu ya utaratibu wenyewe wa kukatika, kama tulivyoona. Ukipima kasi ndogo siku ya mvua na kasi kubwa siku kavu, utakuwa umepima hali ya hewa.

Hatua ya 4: Panga kasi zako

Athari ya kasi huonekana kwenye logi. Kupima kwa milimita 1, 2 na 5 kwa dakika ni kupoteza sampuli. Umbali wote huo haufiki hata hatua moja ya mara kumi. Mashine ya kawaida ya skrubu inaweza kukupa kasi tano zilizoachana vizuri: milimita 0.02, 0.2, 2, 20 na 200 kwa dakika. Hizo ni hatua nne kamili, na kwa bamba la kioo zinatosha kuonyesha mwelekeo bila kuomba msaada wa mtu.

Kokotoa muda kabla hujaanza. Sampuli inayokatika kwenye mnyumbuko wa asilimia 2, ikiwa na urefu huru wa milimita 150, hurefuka milimita 3. Kwa 2 kwa dakika hiyo ni sekunde 90. Kwa 0.02 ni saa mbili na nusu kwa sampuli moja, kwa hiyo panga siku zako. Kwa 200 ni sekunde 0.9, na hapo kitu cha kuangalia ni idadi ya vipimo: mashine iliyoachwa kwenye usomaji wa mara 10 kwa sekunde itakupa nukta tisa za mkunjo mzima (mchoro wa nguvu dhidi ya muda), na kilele cha nguvu kitapita katikati ya nukta mbili bila kuandikwa. Weka angalau mara 1,000 kwa sekunde kwenye kasi hiyo. Angalia pia kama mashine imeifikia kweli kasi uliyoiagiza. Chora mwendo wa kichwa chake dhidi ya muda, na kama mstari bado unapinda wakati sampuli inakatika, kasi ya 200 ipo kwenye skrini tu.

Usipime kasi moja ukaimaliza ndipo uanze nyingine. Changanya mpangilio.

Sasa idadi ya sampuli, na hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Tano kwa kila kasi ndiyo desturi. Tuseme mkengeuko sanifu wa nyenzo yako ni asilimia 8 ya wastani, jambo la kawaida kwa mabamba yaliyotengenezwa kwa mkono. Kosa sanifu la wastani wa sampuli tano ni 8 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani asilimia 3.6. Kosa la tofauti kati ya wastani mbili ni asilimia 5.1. Ili tofauti hiyo iaminike kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 95, lazima ivuke mara 2.3 ya hapo, karibu asilimia 12. Kwa maneno mengine, ukilinganisha kasi mbili kwa sampuli tano tano, athari yoyote iliyo chini ya asilimia 12 hutaiona hata kama ipo. Mtu akikuambia “kasi haina athari kwenye kaboni”, muulize kwanza alivunja sampuli ngapi na zilitawanyika kiasi gani. Njia ya nafuu si kuongeza sampuli kwenye kila kasi; ni kuongeza upana wa kasi, ili mstari mmoja upite kwenye nukta zote 25 kwa pamoja.

Hatua ya 5: Ukihitaji kasi kubwa kuliko ya mashine yako

Hapa utaagiza kazi kwa maabara nyingine, na kazi yako inakuwa kuuliza maswali sahihi.

Kwenye mashine za haidroliki za kasi, adui ni mtetemo. Kihisi cha nguvu ni chuma chenye uzito na unyumbufu wake, na kikipigwa ghafla hulia kama chuma chochote. Chukua sampuli inayokatika kwenye mnyumbuko wa asilimia 1.5. Kwa kasi ya mnyumbuko ya 1 kwa sekunde jaribio linadumu milisekunde 15. Kihisi chenye mtetemo wa asili wa mara 5,000 kwa sekunde kinazunguka mara 75 ndani ya muda huo, na wastani wake unasomeka vizuri. Kwa kasi ya 10 mizunguko inabaki saba na nusu, unaanza kukisia. Kwa kasi ya 100 jaribio zima ni mikrosekunde 150, na mzunguko mmoja wa kihisi ni mikrosekunde 200. Mkunjo utakaotoka hapo, hata ukichujwa ukawa laini wa kupendeza, ni mlio wa kihisi. Nimeona mikunjo ya aina hiyo ikitumika kudai uimara “umepanda kwa asilimia 40”. Kwa hiyo uliza: mtetemo wa asili wa mfumo wa kupimia nguvu ni upi, na jaribio langu lina mizunguko mingapi? Chini ya kumi, dai nguvu ipimwe kwa njia nyingine, kwa mfano geji zilizobandikwa kwenye kibano chepesi kilicho karibu na sampuli au kwenye sehemu ya sampuli isiyovunjika. Viwango vya ISO 18872 na SAE J2749, ingawa viliandikwa kwa plastiki kwa ujumla, vinafaa kusomwa na yeyote anayeingia eneo hili.

Fimbo za Hopkinson ziliitwa hivyo kwa heshima ya Bertram Hopkinson, aliyetumia fimbo ndefu kupima mshindo wa milipuko mwaka 1914. Mtafiti Kolsky ndiye aliyezigawa mbili na kuweka sampuli katikati mwaka 1949. Wimbi la mkazo linapita fimbo ya kwanza kwa mita 5,000 hivi kwa sekunde kama ni ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, sehemu yake inarudi na sehemu inapenya sampuli hadi fimbo ya pili. Wimbi lililopenya linakupa mkazo, lililorudi linakupa kasi ya mnyumbuko.

Shida ni kwamba hesabu yote inadhania mkazo ni sawa pande zote mbili za sampuli, na usawa huo haupatikani mpaka wimbi liende na kurudi ndani ya sampuli angalau mara chache. Wengi hutumia mapito manne. Chukua bamba la kaboni na epoksi lililopigwa kuvuka nyuzi: ugumu megapaskali 9,000, uzito kilo 1,600 kwa mita ya ujazo. Kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha ugumu (kwa paskali) ukigawanywa kwa uzito huo wa mita ya ujazo, kama mita 2,370 kwa sekunde. Sampuli ya milimita 10 inavukwa kwa mikrosekunde 4.2, mapito manne ni 17. Kama nyenzo inakatika kwenye mnyumbuko wa asilimia 0.6, kasi kubwa kabisa ambayo jaribio hilo linaweza kuipima kwa uhalali ni 0.006 ikigawanywa kwa mikrosekunde 17, yaani 350 hivi kwa sekunde. Maabara ikikuletea matokeo ya kasi ya 1,000 kwa sampuli hiyo, ujue sampuli ilivunjika kabla ya mkazo kusawazika, na namba ya uimara haina maana. Dawa ni sampuli fupi zaidi, na kipande chembamba cha shaba mbele ya fimbo ya kwanza ili wimbi lipande taratibu badala ya kuja kama ukuta. Omba michoro ya mkazo wa mbele na wa nyuma ya sampuli kwa kila jaribio. Maabara nzuri itakutumia bila kuulizwa mara mbili.

Hatua ya 6: Soma kilichovunjika

Usizitupe sampuli. Namba inakuambia uimara umepanda. Kipande kilichovunjika ndicho kinachokuambia kama bado unapima kitu kilekile.

Bamba la kioo lililofumwa likivutwa polepole huvunjika kwenye eneo dogo, na weupe wa resini iliyopasuka unakaa karibu na mstari wa kukatikia. Likivutwa kwa kasi ya mgongano, weupe unasambaa, nyuzi zinachomoka kwa urefu, na tabaka zinaachana. Sehemu ya nishati imeliwa na uharibifu huo. Bamba la digrii 45 likivutwa polepole hurefuka sana huku nyuzi zikijigeuza kuelekea upande wa mvutano kama mkasi unaofungwa. Kwa haraka halipati muda huo, uimara unapanda lakini mnyumbuko wa kukatikia unashuka.

Kwa hiyo usichanganye uimara na ushupavu, yaani nishati inayohitajika kupasua nyenzo. Nishati inayohitajika kutenganisha tabaka haifuati uimara. Kwa baadhi ya resini za thermoplastiki (zile zinazolainika upya zikipashwa joto), ambazo ushupavu wake unatokana na kutiririka kwenye ncha ya ufa, kasi kubwa inazuia utiririkaji huo na nishati inashuka. Bamba linaweza kuwa imara zaidi na jepesi zaidi kupasuka kati ya tabaka, kwa wakati mmoja.

Sampuli iliyokatikia ndani ya kibano iondoe kwenye hesabu. Kama sampuli za kasi kubwa pekee ndizo zinazokatikia huko, badilisha vibandiko kabla ya kuendelea.

Hatua ya 7: Chora mstari, na ujue unapoishia

Weka logi ya kasi kwenye mhimili wa chini na uimara kwenye mhimili wa wima. Tuseme wastani zako kwa kasi tano, kuanzia 0.02 hadi 200 kwa dakika, ni 290, 318, 352, 383 na 415 megapaskali (namba hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu). Mstari ulionyooka unatoa wastani wa 351.6 kwenye kasi ya katikati na ongezeko la 31.5 kwa kila hatua ya mara kumi, yaani asilimia 9. Ukichora logi ya uimara badala ya uimara wenyewe, unapata kipeo cha 0.0392, ambacho kinalingana na n ya 24 au 25. Namba hiyo ni ya kioo kabisa, na inakupa imani kwamba unaona nyuzi zikifanya kazi.

Ndani ya vipimo vyako mistari hii miwili inakaribiana kiasi kwamba hutaweza kuchagua. Ipeleke sasa hadi kasi ya 1,000 kwa sekunde, hatua 6.6 kutoka katikati. Mstari wa kwanza unasema 560. Wa pili unasema 630. Tofauti ya megapaskali 70 imezaliwa na karatasi ya grafu tu, na hapo hatujataja kwamba kwenye kasi hiyo bamba linaweza kuvunjika kwa namna nyingine kabisa. Mimi sivuki hatua moja ya mara kumi nje ya nilichokipima, na ninavuka tu kama sampuli za pande zote zilivunjika kwa sura moja.

Pia kuna mtego kwa wanaopima uchovu, yaani kuvunjika kwa mzigo unaorudiwarudiwa. Kwenye jaribio la mara 5 kwa sekunde, mkazo unapanda kutoka chini hadi juu ndani ya sekunde 0.1, wakati uimara wa kulinganishia ulipatikana kwa dakika nzima. Hizo ni karibu hatua 2.8 za mara kumi. Kwa nyenzo ya asilimia 9 kwa hatua, ile sampuli iliyozunguka mara kadhaa kwenye mkazo ulio juu ya “uimara wake” haikufanya muujiza. Pima nukta ya kwanza ya mkunjo wa uchovu kwa kasi ileile ya mizunguko.

Hatua ya 8: Namba ipi iende kwenye usanifu

Kwa mzigo wa ghafla, ongezeko la kasi lichukuliwe kama akiba, lisitumike kupunguza unene, isipokuwa umelipima kwa nyenzo hiyohiyo, upangaji uleule wa tabaka, na aina ileile ya mzigo. Ongezeko la kuvutwa kwa kioo halihamishiki kwenye mgandamizo wa kaboni. Sababu zake ni tofauti.

Upande wa polepole ndio unaostahili wasiwasi wako. Mgongano hubeba bahati njema ya uimara unaopanda; mzigo wa kudumu hauna bahati hiyo. Mwongozo wa ACI 440.2R wa Marekani, unaohusu kuimarisha zege kwa mabamba ya nyuzi, umeweka mkazo wa kudumu usizidi 0.20 ya uimara kwa kioo, 0.30 kwa aramidi na 0.55 kwa kaboni. Ukizilinganisha na mpangilio wa hatua ya 1, utaona ni safu ileile: nyenzo inayopanda sana kwa kasi ndiyo inayoshuka sana kwa muda. Kwa hiyo hata kama huna njia ya kupima miaka, jaribio la 0.02 kwa dakika lina faida zaidi kwako kuliko la 200. Kama lazima ukate kitu kwenye bajeti, kata upande wa haraka.

Hatua ya 9: Kwenye ripoti

Andika kasi ya mnyumbuko iliyopimwa kwenye sampuli pamoja na kasi ya mashine, urefu huru, muda hadi kukatika, joto na unyevu, idadi ya sampuli na mkengeuko wake, jinsi nguvu na mnyumbuko vilivyopimwa, na picha ya sampuli moja iliyovunjika kwa kila kasi. Kwa vipimo vya haraka ongeza mtetemo wa asili wa kihisi, au michoro ya usawa wa mkazo kama ni fimbo za Hopkinson. Sampuli zilizotolewa kwenye hesabu ziorodheshwe na sababu yake.